Kahawa ya Baba Baada ya Alasiri

Jumamosi, 3 Oktoba 1970

Majibu yametoka. Makohozi ya Baba yana vijidudu vya kifua kikuu. Daktari hakuficha: vidonge na sindano, tena kwa zaidi ya mwaka, madirisha yawe wazi, akikohoa afunike mdomo. Akaniuliza nimesomea nini. Nikajibu kwamba nina shahada ya elimu ya viumbe kutoka Cairo — na nikaongeza, pasipo kuulizwa, kwamba nimeomba kazi katika idara mpya ya afya. Baba alikuwa bado anafunga vifungo vya kanzu.

Jumatatu, 5 Oktoba

Ami Mahfoudh na Ami Muslim huja kwetu kila siku baada ya alasiri. Wote watu wa Unguja, wote walikimbia mwaka wa sitini na nne kama Baba. Hapa Matrah, Omani, wenye maduka hukicheka Kiarabu chao. Barazani kwetu hawachekwi. Hubishana kwa Kiswahili na kunywa kahawa kwa finjani moja inayozunguka, kama ilivyo desturi.

Leo nilileta finjani tatu.

Ami Muslim akacheka. "Kahawa nayo imeingia serikalini? Kila mtu na ofisi yake?"

Nikasimama, nikaeleza. Kwamba Baba ana kifua kikuu. Kwamba kijidudu chake husafiri kwa pumzi ya anayekohoa, na finjani mbalimbali ni tahadhari tu. Kwamba damu ina chembe nyeupe, askari wa mwili, nao huweza kumzingira adui huyo mapafuni na kumfunga humo miaka mingi, mwenyewe asihisi lolote. Kwamba askari hao wakidhoofika kwa njaa, uzee au huzuni, mfungwa hutoka.

Nilisema vizuri. Nilijisikia nikisema vizuri.

Ami Mahfoudh alitazama chini muda wote, leso mdomoni. Waliaga kabla dele la kahawa halijaisha.

Baba aliniambia: "Nlitaka kuwaambia mwenyewe, mwanangu."

Ijumaa, 9 Oktoba

Tangu siku ile hajaja mtu. Msikitini Ami Muslim alinisalimu kwa mbali, mkono kifuani. Ami Mahfoudh sikumwona kabisa.

Dada yangu Muhsina bado anapika kahawa kila alasiri, na kila magharibi anaimwaga. Leo nilimweleza kwamba watu wana haki ya kuujua ugonjwa.

"Wana haki, kaka. Lakini ulitaka wajue, au ulitaka wakupigie makofi?"



Jumanne, 13 Oktoba

Nimeitwa idarani. Habari ya maelezo yangu imezunguka mtaani hadi ikafika huko — na imesifiwa. Kazi nimepewa. Mwezi ujao nitawahutubia watu wa mji wa Quriyat juu ya maradhi ya kuambukiza.

Nilimwambia Baba. Akasema, "Mungu akupe kheri," akageukia ukutani. Chakula hakigusi. Vidonge anameza kwa kunifurahisha mimi. Najua mwili usiolishwa hauna wa kuulinda. Nimelifanyia mtihani jambo hili, nikafaulu. Sijui namna ya kumfanya ale wali.

Alhamisi, 22 Oktoba

Usiku Baba alikohoa damu. Asubuhi aliniomba jambo moja tu: nimwite Mahfoudh. Nikaona njia. Daktari amesema hewa ya wazi haina hofu kubwa. Basi wakae uani, kila mmoja upande wake. Muhsina akatandika mkeka.

Nilibisha kwa Ami Mahfoudh. Mkewe, Bi Shaikha, alijibu bila kufungua: mzee amelala. Papo hapo nikasikia kikohozi. Kirefu, kizito, cha chini kabisa kifuani. Nakijua. Ndicho cha Baba ninachokisikia kila usiku kupitia ukuta wangu.

Nikasema, "Ami, twende hospitali. Mimi na wewe tu. Hakuna atakayejua."

Kisha sauti yake, karibu sana na mlango:

"Mie nna mafua tu, Thani. Usije ukanitia katika hotuba yako."

Niliomba. Nilimsihi kwa jina la Baba. Nikasikia komeo likitiwa.

Niliporudi Baba alikuwa ameshatawadha na kuvaa kofia, ameketi mkekani.

"Mahfoudh hajambo?"

Nikasema hajambo.

"Anakuja?"

Nikasema leo ana shughuli, labda kesho.

Baba akamwambia Muhsina asiuondoe mkeka.