Maneno Niliyoyageuza Bandani

Mama yangu, shikamoo.

Najua leo hakuna wa kuniitikia marahaba, lakini siwezi kuanza bila kukuamkia, ungenikata jicho. Ni mimi, DJ wako, yule uliyewatambia kina mama wa mtaani kwetu Mshangano kwamba mwanao "anasemea picha".

Kila Jumamosi mchana ulikuja kwenye banda letu la video ukakaa benchi la mbele na karanga zako, mimi nimeshika maiki naigeuza tamthilia ya Mzee wa Radi iwe Kiswahili. Wenzako walimpenda kwa kuruka angani na kunyanyua mabasi. Wewe ulimpenda kwa sababu kila akienda kupigana alipita kwanza kumuaga mama yake. "Huyu kalelewa!" ulisema kwa sauti, banda zima likacheka.

Halafu ikaja siku ile ya wageni. Shangazi zake mchumba wangu walifika nyumbani bila taarifa, wamependeza kwelikweli, nami nilishawadanganya kwamba mama yangu ni mwalimu mstaafu. Ukatokea shambani, miguu ina matope, fungu la kisamvu kichwani. Nikasema, "Huyu ni mama anayetusaidia kazi." Jamani! Wewe hukunikatalia. Ulisema, "Karibuni wageni," ukaingia jikoni ukasonga ugali, kisha ukapiga magoti ukawanawisha mikono mmoja mmoja. Ulipofika kwangu, na mimi nikanawa.

Mwezi uliofuata ukaja msimu mpya wa tamthilia. Walikuwa wameibadilisha yote: giza, mvua, Mzee wa Radi kavaa nyeusi, anaua hata waliosalimu amri. Vijana walishangilia. Mimi sikuwa nimeitazama kabla, uvivu wangu tu. Mara mama yake akatokea mlangoni, sherehe imejaa wakubwa, naye Mzee wa Radi akawaambia hamjui, ni mfanyakazi.

Nikatafsiri: "Huyu ndiye mama yangu, mpisheni akae."

Kumbe kwenye skrini mama wa watu anaburutwa nje huku analia. Banda likalipuka: "DJ, unatupiga kamba!" Njiani kurudi nyumbani wewe ukanishika mkono. "Leo umesema vizuri, mwanangu."

Nilijua umeelewa. Palepale ningekuomba msamaha, lakini nikaanza kukupigia hadithi za bei ya mbolea. Nikaahirisha wiki, nikaahirisha mwezi, mpaka presha ikakuchukua sijafungua mdomo. Uchumba nao ulivunjika, na hilo wala haliniumi. Naona aibu, mama. Naona aibu hata nikinawa mikono nile.

Jumamosi iliyopita watu waliomba kipande kile kirudiwe. Nikakirudia. Safari hii nilitafsiri kama kilivyo: "Simjui. Ni mfanyakazi." Kisha nikasimamisha picha, nikawasha taa. Walikuwepo majirani zetu, wengine wamekula sana kwako. Nikawaambia, "Maneno haya na mimi niliyasema. Niliyasema juu ya mama yangu, mnayemjua, nyumbani kwake mwenyewe." Mama mmoja alinyanyuka, akanitazama, akatoka.

Ana haki. Nimesema mbele ya watu wote kwa sababu nilikukana mbele ya watu, lakini uliyestahili kusikia hukuwepo. Nisamehe, mama. Pumzika kwa amani.

Mimi mwanao, uliyenizaa mwenyewe.