Mkuja Hajui Kiu

Voi, Jumanne jioni

Leo upepo umevuma tangu asubuhi, ule mkavu unaotoka upande wa mbuga na kuleta vumbi jekundu hadi ndani ya kikombe cha chai. Mlima Sagalla umefichika nusu. Wakesho, binti yangu ninayeishi kwake, amefunga madirisha na kunipangia mito mgongoni ili niandike nikiwa nimeketi. Nikilala chali pumzi hainitoshi.

Wengi mnaosoma ukurasa wangu huu wa mtandaoni niliwafundisha historia. Mnajua naugua moyo. Daktari alinishauri juzijuzi nikae karibu na watu wangu na nile ninachopenda. Nimesahihisha insha za kutosha kumtambua mtu anayesema jambo kwa kulizunguka. Nilimshukuru, nikarudi nyumbani.

Kufa hakunitishi sana. Kinachonitisha ni sentensi moja.

Wacha niieleze ilivyotoka, maana huenda umeisikia bila kujua ni ya nani.

Karibu na soko pana kibanda cha kinyozi, na mbele yake benchi refu la mbao. Watu wanaliita Bunge. Tangu nistaafu nimekuwa nikiketi pale asubuhi, kusikiliza na kusikilizwa. Waliniita Spika kwa sababu nikikohoa tu walinyamaza, wakidhani nataka kusema. Upande wangu wa kulia aliketi Salim.

Salim ana duka la misumari, rangi na mabomba, hatua chache kutoka benchi lile. Babu yake alikuja na reli kutoka pwani. Baba yake alizaliwa hapa Voi, na yeye mwenyewe pia. Tumejuana tangu tukiwa vijana wenye nywele nyingi. Anazungumza Kidawida, lugha yetu ya milimani, kizuri kuliko wanangu, na kila asubuhi alinisalimu kwacho kabla hajaketi: "Kwawuka mana, Mwakio?" Yaani, umeamkaje. Watu wengine wote mjini huniita Mwalimu. Yeye aliniita jina langu.

Kampeni za urais zilipoanza kupamba moto, Bunge letu nalo likapamba moto. Sitataja majina ya wagombea. Picha zao ziko kwenye kila mlingoti, hamhitaji zangu. Wangu nitamwita yule wa kofia, na wa Salim nitamwita yule wakili. Tulibishana kwa raha, siku baada ya siku. Yeye alisema wangu anaongea kama anayeuza godoro. Mimi nilisema wake hawezi kuomba chumvi mezani bila kutaja kifungu cha katiba. Watu walikuja kutusikiliza hata kama hawanyolewi.

Halafu ikafika asubuhi ya maji.

Salim alikuwa na swali, na alilisema taratibu, kwa kile Kiswahili chake cha nyumbani kwao. "Haya, Mwakio. Mtu wako huyu amekaa serikalini miaka na miaka. Bomba la maji lapita hapa, laenda zake Mombasa. Sisi twanunua maji kwa mkokoteni. Nionyeshe tone moja alotuachia."

Nilitafuta jibu. Halikuwepo. Nilijua halikuwepo hata kabla hajamaliza, kwa sababu swali hilo hilo nimejiuliza mwenyewe mbele ya mfereji mkavu. Watu walikuwa wananitazama. Kinyozi alizima mashine asikose jibu la Spika. Na mimi, mzee niliyesoma, badala ya kusema "hapo umenishika", nikasema hivi:

"Salim, hayo maji wanayanywa ndugu zako huko pwani. Wewe ni mkuja. Mkuja hajui kiu."

Kicheko kilitoka kwenye benchi lote. Salim naye alitabasamu kidogo, kama mtu anayesubiri mzaha umalizike ndipo acheke vizuri. Hapakuwa na mzaha uliobaki. Akasimama, akapangusa kanzu yake vumbi.

"Haya, Mwalimu," akasema, akaenda dukani kwake.

Mwalimu.

Nyinyi niliowafundisha mnakumbuka somo langu la kwanza la kila mwaka. Nilichora milima yetu ubaoni, kisha nikachora mishale kuonyesha koo zetu zilivyopanda kutoka huku na kule, wengine wakikimbia njaa, wengine wakikimbia vita. Nilikuwa nawauliza ni mshale gani unaoanzia Ronge, kijijini kwetu. Mlikuwa mnatafuta, kisha mnacheka, maana haupo; sote ni wakuja, tumetoka kwingine. Somo hilo nimelifundisha maisha yangu yote ya kazi, nikalisahau kwa sababu kinyozi alizima mashine.

Siku ile kwenye benchi alikuwepo Nyambu, niliyemfundisha hadi kidato cha nne, na ambaye sasa anamfanyia kampeni yule wa kofia hapa mjini. Alikuwa ameshika simu. Sikujua kwamba inarekodi. Kabla ya wiki kuisha sentensi yangu ilikuwa kwenye simu za watu mpaka Salaita kule karibu na mpaka, na gari la kampeni likaanza kuipiga kwa kipaza sauti kati ya muziki na muziki.

Si mtu mwingine anayeisema. Ni sauti yangu.

Nitakiri jambo baya kuliko sentensi yenyewe: mara ya kwanza nilipoisikia ikipita barabarani, nilifurahi. Nilikuwa na vidonge mkononi, maji kwenye glasi, na sauti yangu ikapita nje ya dirisha ikiwa na nguvu nisizokuwa nazo tena, na watu wakaiitikia. Niliwaza, kumbe bado nipo.

Sasa siwezi kuisikia bila kushika ukingo wa kitanda. Inapita asubuhi, inarudi mchana. Haikohoi. Haichoki ngazini. Nimeanza kuitegea sikio hata pale ambapo hakuna gari, na wakati mwingine naisikia. Nawaza kwamba nitakapokuwa nimezikwa Ronge, yenyewe itakuwa bado inazunguka Voi, ikitafuta milango.

Mlango imeshaupata. Juma lililopita Wakesho alirudi kutoka sokoni akaweka kapu chini bila kutoa vitu. Mtu alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu kwenye mlango wa duka la Salim, herufi kubwa: MKUJA HAJUI KIU. Na chini yake, kwa herufi ndogo: Mwalimu alisema.

Tangu siku hiyo kifua kimebana zaidi.

Mimi ni mtu wa kanisa na wa vitabu. Lakini nimezaliwa milimani, na kwetu milimani wazee waliamini kwamba hasira iliyokaa moyoni mwa mtu uliyemkosea inafanya kazi yenyewe, hata kama mwenyewe hataki. Inakuja kwako kama ugonjwa. Dawa yake ni kutasa. Aliyekosewa anachukua funda la maji, au la pombe ya miwa, anayapuliza nje kama manyunyu, na huku anasema maneno ya kuitoa ile hasira iende zake. Marehemu baba yangu alifanya hivyo mbele yetu mara nyingi. Mimi nilipotoka chuoni nililiita jambo hilo mila za kuandikiwa insha.

Leo asubuhi nimemwomba Wakesho anipeleke kwa Salim.

Tulimkuta anafunga mabomba kwa kamba na kuyaegemeza ukutani. Mlango ulikuwa umefunguliwa wote, ubao wake ukigeukia ndani, kwa hiyo maneno yale yalikuwa yanamtazama yeye. Nilimsalimu kwa Kidawida. Alijibu, "Habari ya asubuhi, Mwalimu," akaniletea kiti, akanipangusia.

Aliniambia anafunga duka Ijumaa. Anakwenda kwa binti yake Mombasa hadi uchaguzi upite na matokeo yatangazwe na watu watulie. Ameona chaguzi zote tangu tupate uhuru, na zote amezipitishia hapa hapa. Hakusema hilo. Nimelisema mimi, kwa sababu nalijua.

Nikamwomba anifanyie kutasa.

Kwa mara ya kwanza uso wake ukalegea. "Mimi Mwislamu, Mwalimu. Wanitaka nisimame juani nipulize maji kama mzee wa Ronge?"

Nikamwambia kila siku anasukutua kinywa kabla ya kuswali, na maji ni maji. Akisukutua leo adhuhuri aseme tu maneno mawili matatu kwa niaba yangu. Nilikuwa nimeyapanga hayo usiku kucha na niliona ni hoja nzuri. Hata sasa naona ilikuwa hoja nzuri.

Salim akaacha kamba. "Hasira ningekuwa nayo, ningeitema siku ile ile. Nilichonacho hakitemeki." Kisha akaniuliza, bila ukali, kama anayemuuliza mteja anataka bomba la ukubwa gani: "Umekuja kwa ajili ya kifua chako, au kwa ajili ya mlango wangu?"

Hii ni mara ya pili ameniuliza swali lisilo na pa kukimbilia. Wakesho alitazama pembeni, akajifanya anasoma makopo ya rangi.

"Kifua," nikasema.

Akatikisa kichwa polepole. "Afadhali umesema kweli. Na mlango je?"

Hakuna aliyehitaji kunieleza. Nilisimama kwa mkono wa Wakesho, tukaenda kwenye benchi. Ni hatua chache, nilizipumzikia mara mbili.

Bunge lilikuwa limejaa. Walinipisha nafasi yangu na kunipa pole za ugonjwa. Ya Salim ilikuwa imeshakaliwa na mtu nisiyemjua. Nikakohoa, wakanyamaza. Nikasema nimekuja kufuta neno. Nikasema siku ile nilikuwa nimeshindwa hoja, na mtu aliyeshindwa hoja akamshika mwenzake asili. Nikasema Salim ni mwenyeji wa hapa kama mimi, na swali lake kuhusu maji bado linasubiri jibu.

Walinisikiliza. Halafu mmoja akasema, "Jamani, Spika amehamia upinzani." Wakacheka, si kwa ubaya. Mwingine akasema yule wakili lazima amenitumia kitu kidogo cha dawa. Mashine ya kinyozi iliendelea kunguruma.

Nyambu alikuja akapiga goti mbele yangu, akanishika mkono kwa mikono yote miwili, jinsi nilivyowafundisha kuwashika wazee. "Mwalimu wangu," akasema, "wewe pumzika. Hukukosea. Ni hizi dawa zinakuchosha."

Nikamwambia ni mimi niliyelisema, na mimi ndiye ninayelifuta.

"Ulilisema, Mwalimu. Lakini sasa ni letu."

Hakuwa akinidharau. Hilo ndilo linalonitesa jioni hii. Macho yake yalikuwa na heshima ile ile ya mwanafunzi aliyekaa dawati la mbele. Nilipokosea aliniamini neno kwa neno. Leo ninaposahihisha, ananihurumia.

Nikajaribu tena. Nilikuwa nimefika kwenye ile mishale ya ubaoni, nikieleza jinsi sote tulivyofika hapa, ndipo gari la kampeni likakata kona ya soko. Sauti yangu ikatoka juu ya paa lake, kubwa, nzima, yenye pumzi. Watu wote wakageuza vichwa kuisikiliza. Wakamalizia nayo kwa pamoja, hata wale walionipisha nafasi. Mimi nilikuwa bado naongea. Nilihisi midomo yangu inacheza, lakini sikuyasikia maneno yangu.

Salim alikuwa amesimama mlangoni kwake. Alisikia kila kitu, mimi na yule mwingine. Aliinua mkono kidogo. Sijui kama ulikuwa wa kuniaga, wa kunishukuru au wa kunizuia nisiendelee kujichosha. Kisha akarudi kwenye mabomba yake.

Wakesho alinirudisha nyumbani polepole. Tulipofika alinivua viatu, akasema kwamba nimefanya ninaloweza, na kwamba Salim ameona. Labda. Lakini mlango bado umeandikwa, gari bado linapita, na Ijumaa mtu aliyezaliwa hapa atapanda basi kwenda kujificha kwa sababu yangu. Mimi sitakuwepo akirudi. Najua hivyo jinsi mtu anavyojua mvua kabla haijanyesha.

Sijui tena nitampigia nani kura, kama nitafika siku hiyo. Nimewasikia wagombea wote redioni wiki hii wakijibizana, na kila mmoja anaponyamaza kidogo kabla ya kujibu swali gumu, naogopa kitakachofuata. Nakijua kile kimya. Nilikaa ndani yake siku ile, na nikatoka nacho kile nilichotoka nacho.

Kama uliwahi kukaa darasani kwangu, na una ile rekodi kwenye simu yako, nakuomba usiitume kwa mtu. Na kama umeshaituma, mtumie na haya.

Nimemwambia Wakesho kesho anirudishe kwenye benchi. Amekataa. Amesema nitafia barabarani, watu waseme alinipeleka yeye. Baada ya muda amerudi mlangoni akauliza nitavaa koti lipi.

Kwa hiyo kesho nitakwenda. Ila hotuba haitafaa, nimeona leo. Pumzi yangu inatosha sentensi moja tu, na lazima iwe fupi, tamu mdomoni, ya kubebwa na kipaza sauti na mtoto anayeruka kamba. Ile mbaya ilinijia bila kuitafuta. Hii nimeitafuta tangu jua lianze kushuka, nimeandika na kufuta, nimeandika na kufuta.

Nitaipata kabla ya Ijumaa?