Visigino Juu ya Sanduku

Kwa mdogo wangu Togzhan,

Salamu zikufikie huko Almaty pamoja na mama yako Raushan, na zikukute mzima wa afya, maana nataka uwe na nguvu za kuyasoma haya hadi mwisho. Mimi na Apa, bibi yako na mama yangu, hatujambo. Baridi imeanza mapema, goti linamsumbua, na ng'ombe mwekundu amezaa dume. Kitabu chako kimefika. Nimekisoma, na nimekasirika hata nikaamua kuandika kwa kalamu, kwa sababu kwenye simu ningekutukana.

Nianze na mazuri usije ukasema sina shukrani. Wasichana wangu wa darasa la nane wanagombania nakala moja mpaka jalada limechanika. Botagoz, yule asiyefungua mdomo kutwa nzima, alinifuata baada ya kipindi akaniambia, "Mwalimu, huyu dada aliyefungiwa ni mimi mtupu." Nikamwuliza kwa vipi. Akasema na yeye ni mzaliwa wa kwanza, kalelewa na bibi yake, na kila gari likisimama nje anachungulia dirishani. Hilo umeliweza, kuwaandikia wasichana mtu wanayejiona ndani yake.

Lakini lile jizee lako la vichwa saba! Umelipa meno ya dhahabu kama ya Apa, tena upande wa kushoto kama yake. Umelifanya linuse vichwa vya watoto kabla ya kuwala. Apa amenusa utosi wangu kila asubuhi tangu nikiwa mchanga, na mpaka leo, mwanamke mzima mimi, ananinusa kabla sijaenda shule. Wazee wetu hupenda hivyo, na wewe unajua, kwa kuwa ulinuswa kila ulipokuja likizo. Sasa wasichana wangu wakiona bibi zao wanawainamia, wanacheka na kukimbia.

Halafu mimi. Umeniweka sandukuni miaka saba, nagonga, nalia, nangoja mdogo wangu aje na farasi wa mabawa. Nani alikuambia nangoja? Raushan ametuzaa sote wawili, na mzaliwa wa kwanza huachiwa bibi na babu, ndivyo tulivyo. Sikutupwa kama paka. Nilikuwa na farasi wangu mwenyewe wakati wewe unalilia baluni. Na sasa unataka nije nipande jukwaani, unishike mkono mbele ya wasomaji wako, useme huyu ndiye. Nilikuwa nimeshaandika jibu, nalo lilikuwa hapana.

Shida ni kwamba Apa alitaka asomewe. Macho yake hayashiki tena maandishi, na alikuwa ameshawatambia majirani wote kwamba mjukuu wake anaandika vitabu. Nikamsomea huku naruka. Jizee nikaligeuza mbwa mwitu, meno ya dhahabu nikayameza. Lakini sanduku sikuweza kuliruka, kwa sababu hadithi nzima imelikalia: dada mkubwa anagonga kwa ndani, mdogo ameketi juu ya kifuniko, anajibu kwa visigino. Nilipofika hapo Apa aliweka kikombe chini.

"Nani alimwambia?" akauliza.

Nikamwambia hayo ni ya kubuni tu. Akasema hapana, si ya kubuni. Akanieleza yote huku anatazama zulia. Mwaka niliotakiwa kuanza shule, Raushan na baba walikuja nawe kunichukua. Walikuwa wameshaninunulia mkoba na riboni nyeupe za siku ya kwanza. Apa aliliona gari likipanda kilima. Magodoro yalikuwa yametandikwa chini kwa ajili ya wageni, sanduku la kuyahifadhia limebaki tupu. Akaniingiza humo na kiganja cha vidonge vya maziwa makavu, akasema tunacheza, na nikikaa kimya mpaka aje kunitoa, nimeshinda. Wao akawaambia nimekwenda malishoni na mjomba, na kwamba mwenyewe nimekataa kuhama. Wakanywa chai, wakangoja, wakaondoka na mkoba wao.

Mchezo ule naukumbuka, Togzhan. Nimeusimulia miaka yote kama siku tamu kuliko zote za utoto wangu, jinsi nilivyomumunya vile vidonge vya chumvi bila kutafuna ili nisisikike. Na visigino navikumbuka, vikipiga juu ya kichwa changu. Niligonga kidogo kwa ukucha. Vikanyamaza, kisha vikagonga tena. Sikumwambia Apa, kwa kuwa kugonga kulikuwa kuharibu mchezo.

Kwa hiyo ulijua nimo. Ulikuwa na miaka minne, kwa hilo sikulaumu. Labda ulisema garini ukanyamazishwa, hilo nitamwuliza Raushan mwenyewe. Kinachonichoma ni kwamba tumelala kitanda kimoja kila likizo, umenisuka nywele, nimekusimulia mchezo ule kwa mdomo wangu na wewe ukacheka, kisha umewaambia wasichana wa nchi nzima kabla hujaniambia mimi. Huo si udada.

Apa naye nimemkasirikia. Asubuhi ya leo aliinama aninuse, nikarudisha kichwa nyuma. Akabaki vilevile, ameinama, mkono umeshika meza. Nikampa utosi. Kumsamehe bado siwezi, lakini kumnyima nako sikuweza.

Basi nakuja. Siji kwa ajili ya jukwaa, na usinipokee stesheni, njia naijua. Mwambie mama atafute ule mkoba, kama bado anao. Na kwenye kitabu cha pili usimtume mtu kuja kuniokoa. Lile sanduku halikuwa na kufuli. Nilikaa humo, naisikia sauti ya mama yangu nje, kwa sababu nilitaka kushinda. Na nilishinda.

Apa anakusalimu na anakunusa utosi. Mimi nakusalimu tu, mengine tutakapoonana.

Dada yako uliyemkalia,
Akmaral