Racheti za Baba

Turwa, Tarime
3 Machi 2024

Baba, shikamoo.

Mimi mzima na Irine mzima, isipokuwa anaota meno, analia na kutafuna kila kitu hata kona ya kitanda. Clement yuko mgodini, atarudi mwisho wa mwezi. Mama mkwe Philomena anakusalimu sana. Wasiwasi wetu ni kwenu huko Nyansurura, mvua imekujaje, na Mama mgongo umemwachia? Masikio yako najua ni yaleyale, simu huisikii tena, ndiyo maana naandika. Barua nampa Rhoda muuza dagaa kwa sababu kila mnada anafika kwenu.

Baba, lile sanduku la spana ulilonipa nimtunzie Vincent bado liko chini ya kitanda changu. Kaka alisema anavuka mpaka kutoka Isebania wiki ile ile aje kulichukua, akasema tena wiki nyingine, sasa akipigiwa anasema tu nakuja dada. Juzi nilikuwa nafagia nikalivuta, nikaona maji mekundu yametoka chini yake. Kumbe mvua iliingia kwa pale ukutani. Nimelifungua. Zile racheti zako tano za kufungulia nati, zile zilizokuwa zinalia tik tik tik ukirudisha mkono na mimi nikiwa mdogo nikadhani ndani kuna mdudu, hakuna hata moja inayozunguka. Zimekufa zote kwa kutu. Niliumia kama mtu aliyekuta ndama amefungiwa bila maji.

Sikuweza kukaa hivyo. Nikachukua samli nikazipaka vizuri, kama Mama anavyopaka mikanda ya ngozi ya jembe la ng'ombe, nikazianika juani ziinywe. Baba, asubuhi yake zimejaa sisimizi, paka wa jirani analamba moja, na zimeganda kuliko mwanzo. Mama mkwe ananiuliza kama nazikaanga.

Niambie nifanye nini kabla Vincent hajaja.

Ni mimi binti yako,
Boke


Nyansurura
14 Machi 2024

Boke mwanangu,

Marahaba. Sisi hatujambo. Mahindi yamechipuka vizuri, mgongo wa mama yako unauma akiinama na unapona akitaka kwenda kanisani. Masikio yameondoka moja kwa moja, nadhani yalibaki kwenye yale matrekta.

Nimemsomea mama yako habari ya samli, amecheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Ngozi inakunywa samli kwa sababu ilikuwa hai. Chuma hakinywi. Samli inakaa juu yake mpaka inakuwa gundi.

Haya, anza upya. Osha hayo mafuta kwa maji ya moto na sabuni, kausha. Kisha loweka kwenye dizeli, usitumie petroli, una mtoto ndani ya nyumba. Ziache zilale humo mpaka kutu ianze kuachia. Nje piga brashi ya waya, ndani tumia mswaki wa zamani. Nyuma ya kichwa kuna skrubu, ukiifungua utaona gurudumu lenye meno, na kipande kinacholala juu ya hayo meno. Mimi nakiita ulimi. Ulimi ndio unaokubali upande mmoja na kukataa upande wa pili. Nyuma yake kuna springi na gololi ndogo kama punje ya mtama. Fungulia ndani ya beseni, maana ile gololi ikiruka hutaiona tena, na kabla hujatoa springi itazame imelalaje.

Ukishakausha, weka oili nyepesi, hata ile ya cherehani, matone machache. Grisi pakaza kidogo kwa ncha ya kidole. Usiijaze kama mtu anayekandika nyumba. Grisi ikizidi, ulimi unaogelea, haushiki meno, na fundi akivuta kwa nguvu mkono unateleza anavunja vidole. Nimeona.

Ni vizuri unavyozishughulikia, Vincent atazikuta ziko tayari. Hivyo ni vitu vya mtoto wa kiume wa nyumba hii, vitamsimamisha.

Mbusu Irine.

Baba yako


Turwa
5 Aprili 2024

Baba, shikamoo sana, na Mama pia shikamoo.

Huku tuko salama, Irine ana meno manne na ameanza kusimama akishika kiti. Natumaini mmeamka vizuri na palizi haijawachosha.

Nimefanya kama ulivyoandika. Ile ya kwanza gololi iliruka nje ya beseni hata baada ya wewe kunionya, ikaingia chini ya kitanda cha mama mkwe. Akapiga magoti na tochi, anatafuta huku analalamika kwamba nyumba inanuka kama lori na kwamba wenzake wamepata wakamwana wanaofuma vitambaa. Yeye ndiye aliyeiona. Nikairudisha, nikafunga, nikazungusha, ikalia tik tik tik. Baba, nilisimama nayo katikati ya nyumba kama mjinga. Mama mkwe akaniambia hebu nipe na mimi, akaizungusha mpaka uji ukaungua.

Tangu siku hiyo situlii. Nikipika naiwaza, nikifua naiwaza. Nimemaliza tatu. Ya nne springi yake imekatika, hapa mjini wakaniambia springi kama hiyo labda Sirari wanakokata malori mabovu. Nikambeba Irine mgongoni nikaenda. Wakanielekeza kwa Fundi Gasto, mtu mnene mwenye gereji ya malori karibu na mpaka. Vijana wake wakaanza. Mmoja akaniambia, "Shemeji, hiyo si mwiko wa kusongea ugali." Nikamwambia mwiko ninao nyumbani, na yeye anaonekana hajala. Wakacheka, lakini walimcheka yeye.

Fundi Gasto akaichukua racheti niliyoenda nayo kama mfano, akaizungusha, akaitazama kichwani. Akauliza nani kaitengeneza. Nikasema mimi. Akanitupia yake iliyokwama, na beseni la dizeli. Nilimkalisha Irine ndani ya tairi kuukuu, nikaifungua palepale. Gololi haikuruka. Nilipomaliza akanipa springi, tena akanipa maneno haya, nakuandikia kama alivyosema: "Nina nafasi moja ya mtu wa kujifunza. Naifunga mwisho wa mwezi huu. Anayeanza kwangu anakuja na vyombo vyake, mimi siazimishi."

Clement nimempigia. Akauliza mtoto atakaa na nani. Mama yake akadakia kutoka jikoni kwamba yeye bado hajafa.

Kwa hiyo, Baba, naomba. Naomba racheti hizi na spana zake ziwe zangu. Najua nimeolewa, ng'ombe waliletwa kwenu, na binti aliyekwenda ukoo mwingine habebi vitu vya baba yake. Najua ni za Vincent. Lakini zimelala kwangu, na mimi ndiye niliyezirudishia sauti.

Nampa Rhoda hii ndogo kuliko zote akuletee uikague mwenyewe. Kama sikuitengeneza sawasawa, niambie, na hayo mengine nitayaacha.

Binti yako anayekupenda,
Boke


Turwa
22 Aprili 2024

Baba, shikamoo.

Sisi wazima. Sijui ninyi, maana Rhoda amekuja minada miwili mikono mitupu. Anasema ulimsoma midomo, ukapokea racheti, ukaiweka mfukoni, ukaondoka bila neno. Namuuliza alikasirika? Anasema alikuwa kama mtu aliyekumbuka kitu shambani.

Vincent amepiga. Anakuja Jumamosi kulichukua sanduku. Amepata mtu huko Isebania wa kulinunua lote. Nilidhani anataka kufungua gereji, akasema hiyo ilikuwa zamani, sasa anataka pikipiki.

Ya nne imekubali springi. Ya tano nimeimaliza jana. Nimezifunga kila moja kwa kitambaa, nazifungua tena, nazitazama, nazifunga. Irine akiona kitambaa anapiga makofi.

Nikimnyima kaka nimekukosea wewe. Nikimpa nafasi ya Sirari imeondoka. Naomba neno lako tu, Baba, hata likiwa hapana. Hapana nitaibeba. Huku kungoja ndiko kunakonishinda.

Boke wako


Turwa
28 Aprili 2024

Baba, shikamoo. Tuko salama, natumaini nanyi.

Vincent alikuja jana. Nilimpikia kuku. Neno lako halikuwa limefika, kwa hiyo nilitoa sanduku mwenyewe nikaliweka mbele yake, sikutaka alivute chini ya kitanda kama mwizi. Akachukua racheti moja akaizungusha, akacheka akasema, "Dada, umezipaka poda kabisa. Sasa bei inapanda." Mama mkwe aliondoka na sahani yake akaenda kulia chakula nje.

Nilimwomba jambo moja tu. Kabla hajavuka nalo mpaka, alipitishe Nyansurura, wewe ulione kwa macho yako jinsi lilivyo sasa. Alikataa, akasema ni mbali. Nikamwambia basi mimi nalifunga kwenye mgongo huu nalileta kwa miguu, yeye atakuja kulichukulia huko. Akaona nakusanya kanga. Amekubali. Anakuja kwenu.

Usiku sijalala, nasikia tik tik isiyokuwepo. Nikamwambia Mungu nimeshampa kaka, sasa shika wewe.

Binti yako,
Boke


Nyansurura
6 Mei 2024

Boke mwanangu,

Marahaba zote nilizokaa nazo bila kujibu. Sisi wazima. Usinikasirikie, au nikasirikie kidogo.

Nitakueleza ya racheti ile ndogo. Rhoda aliponipa niliizungusha, sikusikia kitu. Mkono unasikia inazunguka lakini mkono wangu umekufa ganzi miaka mingi, hauwezi kuhukumu. Ningekuandikia nini, kwamba inang'aa? Kung'aa si kazi. Nikaenda nayo shambani, nikarudi nayo. Siku moja nimeegemeza kichwa nawaza, racheti iko hapa mfupa wa taya, nikaizungusha bila kukusudia. Boke, niliisikia. Iliingia kwa mfupa. Jino baada ya jino, safi, hakuna linaloruka, hakuna grisi inayoogelea. Mama yako alinikuta nimekaa hivyo akadhani jino linaniuma, akaenda kuchemsha maji ya chumvi.

Tangu sikio la mwisho liliponiacha sijasikia kitu chochote cha dunia hii. Sikujua niandike vipi, ndiyo maana nilinyamaza. Sikuwa nimekukatalia.

Sasa ya Vincent. Alifika na sanduku jioni, akaniandikia kwenye karatasi kwamba mnunuzi anangoja. Nikazitoa racheti moja moja nikaziweka kwenye mfupa wa taya, nikazizungusha zote. Yeye anatazama kama baba yake amerukwa na akili. Nilipomaliza nikamwita mama yake asimame hapo, nikamuuliza Vincent, "Lilian mkeo aliingia nyumba hii kwa ng'ombe wa nani?"

Akatazama chini. Nikamshika kidevu nikamwinua, maana akitazama chini mimi siwezi kumsoma. Kila mtu hapa anajua. Ng'ombe walioletwa kwa ajili yako hawakumaliza hata msimu zizini mwangu. Walikwenda kwa kina Lilian, wakamleta yeye. Wewe hukulisema hilo kwenye barua zako, nilikuwa nangoja nione kama utalisema.

Midomo yake ikasema, "Wa Boke."

Nikamwambia, "Basi umeshapewa, mura, kijana wangu. Dada yako alikupa mke. Wewe umempa nini?"

Akasema hayo ni mambo ya ng'ombe, hizi ni spana tu. Nikamwambia kwangu ni zizi moja.

Hakula. Alilala kwa mama yake mdogo. Lakini asubuhi nilimkuta amelifunga sanduku kwa kamba, akalibeba mwenyewe mpaka barabarani alikokuwa Rhoda. Hakunitazama. Ila alilibeba, na ni zito, na hakuna aliyemwambia.

Sanduku ni lako. Likikutana na barua hii usiandike kushukuru, nenda Sirari. Mwezi wa fundi wako umekwisha, najua, nenda hivyo hivyo.

Ndani utakuta racheti nne. Hii ndogo nimebaki nayo. Mwambie Fundi Gasto ina mwenyewe.

Baba yako


Sirari
13 Mei 2024

Baba yangu, shikamoo. Mama, shikamoo.

Naandikia kwenye ngazi ya lori, samahani kwa hilo doa la oili. Irine yuko Turwa na bibi yake, amepiga hatua mbili akaanguka, mama mkwe anasema ni tatu.

Nilifika hapa Ijumaa. Fundi Gasto akanitazama na sanduku langu, akasema mwezi ulikwisha na amechukua kijana mwingine. Nikasema sawa. Nikaketi juu ya sanduku kupumzika, kwa sababu kweli nilikuwa nimechoka. Basi akawa chini ya lori na nati inamsumbua, anavuta racheti yake inateleza, anatukana. Nikaipeleka ile kubwa nikaisukuma pale chini bila kusema. Mkono ukaichukua. Nikasikia tik tik, kisha kimya cha mtu anayefanya kazi.

Alitoka jioni. Aliifuta racheti, akaiweka mfukoni mwake. Nikamwambia, "Fundi, hiyo hailali bila mimi." Akaniangalia sana. Akasema amekwisha kuizoea, kwa hiyo kesho nije mapema.

Leo ni siku ya tatu nakuja mapema. Neno nafasi halijasemwa, na mimi sijaliuliza. Yule kijana mwingine leo ameniletea yake iliyojaa grisi, ananiita mama racheti.

Ananiita sasa hivi, naishia hapa. Hiyo ndogo ikianza kukauka, tone moja tu la oili, Baba. Wala usiipake samli.

Binti yako,
Boke