Kaka Yetu wa Viti vya Mbele

London,
Jumapili, baada ya kanisa

Ochieng ndugu yangu,

Nakusalimu wewe na kila anayeingia na kutoka kwa mlango wa Mama. Goti lake linaendeleaje? Bado analikanda na maji ya chumvi, au mmemshawishi aende hospitali Bondo? Na mvua, imewaacha mkaanike omena, au kila alasiri ni kukimbia na nyavu? Mimi mwili ni mzima, lakini nina hasira, na ndiyo maana nimeshika kalamu badala ya kukutumia sauti kwa simu. Kwa grupu ya familia kaka yetu mkubwa Omondi yumo, na haya nataka uyajue wewe kwanza.

Nimefika hapa London na yule bibi mzee ninayemtunza kule New Jersey. Ana miaka tisini, dada yake anaumwa huku, na watoto wake walikataa asafiri bila mtu wa kumpa dawa na kumshika mkono akienda choo. Basi wakatukatia sote wawili viti vya mbele, kule kunaitwa bizinesi klasi, kabla ya pazia. Tangu nije Amerika nimesikia sifa za viti hivyo kwa watu ambao hawajavikalia. Sasa mimi nimevikalia, kuvuka Atlantiki yote, na nakuambia hakuna kitu huko.

Kwanza unaletewa kitambaa cha moto ujifute mikono, na hujashika chochote. Halafu unaletewa juisi kwa glasi, na ndege bado haijasogea. Kulikuwa na mzee mmoja aliyelalamika kwamba shampeni yake si baridi ya kutosha, akasema ataandika barua. Mama mwingine alikataa kiti chake kwa sababu kinatazama nyuma, akasimama hapo njiani na mkoba mpaka watu wawili wakaja kumbembeleza. Sisi tuliobeba matenga ya samaki kichwani tulibembelezwa na nani? Kisha wakagawa pajama. Saa nne asubuhi, Ochieng, jua limejaa dirishani, watu wazima wenye makampuni wanapanga laini ya choo kuvua suti, wanatoka na pajama za kijivu, wote sare, kama wodi ya wanaume. Unabonyeza kitufe, kiti kinakuwa kitanda, wanajilaza. Bibi yangu alilala, yeye ana haki. Mimi nilikaa wima, kwa sababu sijazoea kulazwa mchana na sina ugonjwa.

Chakula nacho kina kijitabu, lazima ukisome kwanza. Nilichagua samaki. Nikaletewa kipande ambacho paka wa Mama angekiangalia akuulize kingine kiko wapi, na juu yake wamedondosha kitu cha kijani mara tatu. Nikala kwa adabu. Ndipo nikasikia sauti viti viwili nyuma yangu, sauti ya puani, ikimwambia mhudumu kwa Kiingereza kwamba samaki huyu ananuka samaki, aondolewe.

Niliijua sauti hiyo kabla sijageuka. Ni Omondi.

Omondi wetu wa Usenge, aliyesomeshwa na dagaa wa omena kutoka darasa la kwanza mpaka chuo, anarudisha samaki kwa sababu ananuka samaki. Maskini akipata, matako hulia mbwata. Nilikuwa nikidhani huo ni msemo tu, kumbe ni mtu, tena wa tumbo moja na mimi. Alikuwa ametoka huko kwake Texas, akabadilisha ndege New York, na mimi wala sikuwa na habari.

Na ni huyu huyu ambaye miaka saba anatuambia hana nauli. Hadithi hii unaijua kuliko mimi, lakini acha niitapike. Kwetu mdogo hasimamishi nyumba kabla ya mkubwa, na hilo Baba mdogo hawezi kulivunja hata umlilie. Omondi hajaja kusimamisha yake. Kwa hivyo wewe, mtu mzima wa miaka thelathini na nne, umekaa kwenye simba pale langoni, chumba cha vijana, na mke na watoto wawili. Mabati yako yanashika kutu nyuma ya jiko la Mama. Mpaka mkeo Adhiambo akachoka, akachukua watoto akarudi kwao Otonglo, akasema ataonekana siku nyumba itaonekana. Simlaumu. Mimi ningeondoka mapema zaidi. Na Baba mdogo alipowaonea huruma akasema sawa, kama mtu haji, ije nguo aliyoivaa mwilini, tumsimamishie kajumba kwa jina lake ndipo Ochieng ajenge, Omondi alituma nini? Shati jipya, pini bado ziko kwenye kola. Baba mdogo akaligeuzageuza, akasema nguo hii haijui mtu, akairudisha kwa karatasi yake. Miaka ishirini ya kusoma, na hakuelewa neno "aliyoivaa".

Basi nikamfunika bibi vizuri, nikainuka nikamwendea. Alikuwa ndani ya pajama yake, miguu juu, soksi za bure. Unajua aliponiona alisema nini kwanza? Hakuuliza Mama yuko aje.

"Anyango," alisema, "nani amekulipia hapa?"

"Kazi imenilipia. Wewe nani amekulipia, na nauli hauna?"

"Shusha sauti. Hii ni pointi tu. Ukisafiri sana na hii ndege wanakupea pointi, zikijaa wanakuleta mbele bure."

"Kwa hivyo umesafiri mpaka ndege imeanza kukubeba bure, na hakuna hata siku moja imekushusha Kisumu."

Alitazama kulia, akatazama kushoto. Nilikuwa nikiongea Kijaluo, na si kwa sauti ya kanisani, na yeye ananijibu kwa Kiingereza chembamba ili yule mzee wa shampeni asijue sisi ni ndugu. Mtu anaona haya mbele ya mzee wa pajama. Nikachutama hapo kando ya kiti chake, maana kwa hao watu hakuna pa mgeni kukaa.

"Nitakuja December," akasema.

"December ya mwaka gani? Mama amechinja kuku wa December zako mara saba. Wamekula majirani."

Kisha akasema kile ambacho naona alikuwa amekificha miaka hiyo yote, na hapo akasahau Kiingereza. "Wewe hauelewi. Nikiweka nyumba pale, siku nikikufa mtanirudisha pale. Mimi sitaki kuzikwa pale na nzi za omena. Nimeshaandikisha, nitazikwa huku huku."

Pale. Anapaita pale. Baba amelala pale. Sikufichi, nililia, nimechutama njiani wahudumu wananikwepa na trei zao. Nilikuwa nimekuja na dharau, na dharau ilikuwa inanitosha vizuri, lakini neno hilo liliniuma kuliko yote aliyotufanyia.

"Zikwa unapotaka," nikamwambia. "Lakini Ochieng anataka kuishi. Nipe nguo."

Akacheka. Akashika kola ya pajama. "Si mnataka iliyovaliwa? Chukua hii, nimeivaa tangu asubuhi."

Yaani Baba mdogo aite wazee, achinje jogoo, achimbe shimo la nguzo, kwa heshima ya pajama ambayo hata mwenyewe hakuinunua. Nikamwambia nataka koti alilokuja nalo, lile ambalo mhudumu alikuwa amelitundika kabatini.

"Koti hiyo ni ya kushonewa, Anyango. Usinichezee." Akavuta kitambaa cheusi juu ya macho, akafunga kijimlango cha kiti chake. Ndiyo, viti vya huko vina milango. Mtu asiyetaka nyumba kwao amejifungia ndani ya kiti.

Nilirudi kwa bibi, nikampa dawa zake, nikamkata kucha. Tulipokaribia kushuka, wale wa pajama wakaanza tena laini ya choo kurudia suti zao, na Omondi akiwa huko ndani mhudumu akapita akirudisha makoti. Akaliinua moja la rangi ya majivu akauliza la nani. Nikamwambia lete, ni la kaka yangu. Sikusema uongo. Nikalivaa hapo hapo, likanifika magotini.

Alipotoka akaniona. Nilikuwa nimeshatoa vitu vyote vya mfukoni: kalamu, peremende, karatasi zake, miwani. Nikampa mkononi, kimoja kimoja, asije akasema dada yake ni mwizi.

"Koti yangu," akasema.

"Liko kwako. Nenda ulichukue."

"Kwangu wapi?"

"Baba mdogo atakuonyesha."

Angeweza kulivuta. Lakini kulivuta ni kelele, na kelele ni watu kujua, na yule mzee alikuwa ameanza kutugeukia. Akasimama na shati, akashuka hivyo hivyo kwenye baridi ya London, mrefu, kichwa juu, na hakuniaga.

Mama mmoja wa Migosi aliyekuja kumwona binti yake aliyejifungua anarudi Kisumu Jumatano, na ndiye aliyebeba koti pamoja na barua hii. Kwa simu nitakuambia tu umfuate mwenyewe huko Migosi, usingoje kuletewa; mengine uyasome hapa. Msalimie Mama, na hayo ya kuzikwa usimwambie, yabaki kwetu wawili. Msalimie shangazi yetu na wenzake wa ufuo wa ziwa wanaokaanga samaki. Msalimie Baba mdogo, mwambie koti halijafuliwa, akilinusa kolani atamjua mwenyewe, na kama kuna mzee atakayeuliza limepatikanaje, aseme limetolewa mwilini na dada yake. Kajumba ka Omondi kasimame asubuhi, na mchana mchimbe msingi wako.

Kabla ya yote hayo, pita Otonglo. Mwambie Adhiambo afunge mizigo.

Dada yako asiyejua kunyamaza,
Anyango