Cherehani kwa Jina la Shemeji

Jumatatu, 3 Machi
Cherehani imenifia mkononi. Fundi kaifungua, kaitazama, kaifunga — hata pesa hakutaka. Na oda ya sare za shule nzima nimeshaipokea! Mwalimu mkuu anazitaka mwisho wa mwezi, la sivyo anampa mwingine. Nikiikosa kazi hii, kodi ya chumba nitalipa kwa nini? Kwa machozi?

Jumatano, 5 Machi
Benki. Kijana wa mikopo ana adabu, shikamoo mbili kabla sijakaa. Kisha: umri umenitupa mkono, ni mjane, sina kiwanja, sina hati ya mshahara. Nikamwambia nimeshona tangu hajazaliwa, na shati lake limembana kwapani. Akacheka. Akauliza kama hakuna mwanamume yeyote katika ukoo. Eti yeyote!

Ijumaa, 7 Machi
Nimemwendea shemeji, mdogo wa marehemu mume wangu. Mlinzi wa ghala. Msimu wa shule namzidi kipato, lakini yeye ana mshahara, na ana ndevu. Kakubali. Nimelia mbele yake, sijali.

Jumanne, 11 Machi
Kapewa! Mtu hajui hata kutunga uzi kwenye sindano. Mkopo jina lake, cherehani jina lake, marejesho juu yangu. Binti yangu kapiga simu: mama, andikishianeni. Nikamjibu, shemeji ni ndugu, namwandikishaje? Ningeona aibu.

Alhamisi, 13 Machi
Asubuhi nimeuza kitanda. Cherehani ipate nafasi, na rejesho la kwanza lipatikane. Nimefagia. Mlango nikauacha wazi.

Pikapu ikaingia mtaani, cherehani mpya nyuma — shemeji mbele na dereva, kavaa koti lake la harusi! Akanipungia mkono. Hawakusimama. Nimekimbia nyuma yao na ndala moja, majirani wananitazama.

Nikampigia simu. Anasema amefikiria: kwake kuna usalama zaidi, tena mke wake siku nyingi anataka kujifunza kushona. Niwe naenda kushonea huko, atanipa chochote. Chochote! Na marejesho? Anasema hayo si tulishakubaliana, shemeji?

Nimekaa kwenye godoro. Mwalimu mkuu kapiga mara mbili, sijapokea. Binti pia.

Vitambaa vimejaa sakafuni. Navikunja. Shemeji kasema nivipeleke kesho saa moja, nisichelewe.