Dakika Nne Nilizozikata

Kwako mdogo wangu, Mkurugenzi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, wifi na watoto. Sisi huku hatujambo, isipokuwa yule mzee wa usafi, ambaye hukumuulizia hata kwa neno moja katika kurasa mbili ulizoniandikia. Basi nikujuze bila kuulizwa. Mguu wake wa kushoto umekatwa chini ya goti, na juzi nilimkuta wodini akimwomba muuguzi radhi kwa kumsumbua.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa hasira na ya pili kwa hasira zaidi. Unataka nitie sahihi maelezo uliyokwisha kuyachapa, kwamba mimi, mwalimu wa somo la lifti katika chuo chako, nathibitisha kuwa yule binti alifundishwa kila kitu na kwamba yaliyotokea ni uzembe wake mwenyewe. Na Mama umemtanguliza. Kanipigia simu kunikumbusha kwamba tumenyonya ziwa moja, akauliza chuo kikifungwa wajukuu zake watakula nini. Yeye nilimjibu kwa heshima, kwa kuwa ni mama. Wewe huna heshima unayonidai wiki hii.

Miaka miwili iliyopita ulikuja kwangu umetinga suti mpya, ukakaa kwenye kiti changu bila kukaribishwa, ukasema vyuo vya miaka minne vinawazeesha vijana madarasani. Wewe ungewatoa mafundi kwa wiki kumi na mbili, kwa ada ambayo hata muuza mboga angeimudu, masomo wayatazame kwenye simu zao. Nilikuunga mkono na sitajifanya sikukuunga. Hata mimi chuoni nilipoteza muhula mzima nikinakili habari za injini za mvuke, ambazo mpaka leo sijaona hata moja. Nikadhani unataka kupunguza maneno matupu. Kumbe ulikuwa unapunguza chochote kinachochukua muda.

Huyo binti alikuja karakana kwetu na cheti chako chenye muhuri mkubwa kuliko maandishi. Mafundi wakambandika jina la Ngazi, maana siku ya kwanza alipanda kwa miguu mpaka ghorofa ya tisa, akisema lifti ambayo hajaifungua mwenyewe haiamini. Tulimtania wiki nzima, naye akicheka nasi. Ana akili ya haraka na mkono mwepesi. Daftari lake lilikuwa na masomo yangu yote neno kwa neno, hata mahali nilipokohoa kaandika kwamba mwalimu kakohoa. Wiki zake tatu za mwanzo tulikuwa tunabadilisha kamba za lifti ya hospitali, kazi ya mikono mingi, hivyo hakuwahi kushika hitilafu peke yake.

Jumanne asubuhi nikamtuma kwenye jengo moja la ofisi, lifti yao ilikuwa inagoma. Nakueleza kama anavyoelezwa asiyejua, kwa sababu najua hujui na chuo ni chako. Lifti haiondoki mpaka milango yote ifungwe, kwani kila mlango una swichi yake. Fundi anayetafuta swichi mbovu huchomeka waya kwenye kisanduku cha umeme, na lifti inadanganyika kwamba milango yote imefungwa. Akishaipata mbovu, anautoa waya. Ngazi aliipata, akaibadilisha vizuri kabisa, akafunga kisanduku, akaaga kwa adabu. Waya ukabaki ndani. Haikupita nusu saa, mzee wa usafi akaingia lifti ghorofa ya tatu akivuta ndoo yake, mguu mmoja bado uko nje, lifti ikaondoka na milango wazi.

Leo binti ana siku ya sita rumande. Nilipokwenda kumwona hakulia wala hakulaumu mtu. Alisema amelirudia somo lote kichwani, hatua kwa hatua, na haoni ni hatua ipi aliyoiruka. Akaniomba mimi mwalimu wake nimwonyeshe alipokosea. Nilitoka pale nikakaa kwenye ngazi za nje.

Sasa nisikilize, na Mama msomee. Fundi aliyenifundisha kazi alikuwa na sheria moja: waya huo uwe mwekundu, uwe mrefu wa mita mbili, na kabla ya kuuchomeka, unafunga simu yako kwenye ncha yake. Hakuna mtu anayeondoka kazini akasahau simu. Hilo nililieleza kwenye video, nikaonyesha mpaka fundo lenyewe. Video ikafika dakika kumi na nne. Ukasema ikizidi kumi wanafunzi wanaacha kutazama, nipunguze. Siku zote hizi nimekuwa nikijiambia kwamba ni wewe uliyekata. Si kweli. Nilikata mwenyewe, mchana mweupe, nikiwa na chai mkononi, na nilikata mwisho kwa sababu mwisho ndio ulikuwa rahisi kukata. Nikasema hayo watayajua kazini. Kazini nako nikamwona anajua mengine yote, nikadhani na hilo analijua.

Leo saa nne asubuhi nimewakabidhi polisi video zote mbili, fupi na ndefu, pamoja na maelezo yenye jina langu na lako. Karatasi yako imo humu ndani ya bahasha, haina sahihi. Nilipomaliza niliomba kuonana na Ngazi. Nilimwambia hakuruka hatua yoyote. Alifanya yote niliyomfundisha, akaishia pale nilipoishia mimi.

Msalimie wifi, wakumbatie watoto kwa niaba yangu, na Mama mwambie mwenyewe kabla hajasikia kwa majirani. Ukiwa na jibu, lilete hapa hapa kituoni, maana wamesema nisiondoke.

Ni mimi dada yako,
fundi wa lifti